Kalori zako za siku: fomula, saa ya mkononi, simu au daftari la jikoni?

Mizani ya duka la dawa hapa Tudor, Mombasa, ilinionyesha kilo 84. Nilikuwa na miaka 38, urefu wangu ni sentimita 162, na kazi yangu ni ya kiti: naandika hesabu katika ofisi ya wakala wa forodha. Nikaanza kuuliza, mtu kama mimi ale kalori ngapi kwa siku? Saa ya dada yangu ilisema 2,640. Kijana wa jimu alisema 1,200, wala hakuniuliza urefu. Kikokotoo kimoja cha mtandaoni kilitoa 1,802, kingine 2,327. Mama mkwe akaniambia nile nishibe, kisha nimshukuru Mungu.

Kati ya jibu la jimu na la saa pana kalori 1,440. Hicho ni chakula cha mchana na cha usiku kwa pamoja. Kwa kuwa riziki yangu ni kuweka safu mbili za takwimu ubavu kwa ubavu na kutafuta zinapoachana, nikazifanyia kalori kazi hiyohiyo.

Fomula nne, tofauti ya nusu hamri

Fomula zote zinakisia kitu kimoja: mwili unatumia kiasi gani ukiwa umelala tu, moyo unadunda, mapafu yanavuta pumzi, ini na ubongo viko kazini. Kongwe ni ya Harris na Benedict wa Marekani, waliopima watu wazima 239 na kuchapisha kitabu chao 1919. Fomula hiyo ilirekebishwa 1984. Mwaka 1990 ikaja ya Mifflin na St Jeor, iliyotokana na vipimo vya watu 498. Ya nne, Katch-McArdle, haina habari na umri wala urefu wako. Yenyewe yataka uzito wa mwili ukishatolewa mafuta.

Ya Mifflin waweza kuipiga nyuma ya risiti. Uzito kwa kilo zidisha kwa 10, ongeza urefu kwa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5. Mwanamume aongeze 5, mwanamke atoe 161. Yangu: 840 + 1,012.5 − 190 − 161, jumla 1,501.5. Kwa mwili huohuo, Harris na Benedict wa 1919 walinipa 1,580, marekebisho ya 1984 yakanipa 1,562, na Katch-McArdle, nilipoweka mafuta asilimia 38, ikatoa 1,495.

Ya juu kabisa na ya chini kabisa zinaachana kwa kalori 85. Hamri moja la nyumbani kwangu lina kama 160 (nitaeleza nilivyojua). Kwa hiyo wanaobishana kutwa kuhusu fomula ipi bora wanabishania nusu hamri. Chukua ya Mifflin, ndiyo inayokaribia ukweli kwa watu wengi, na usonge mbele. Katch-McArdle waachie wenye misuli mingi, na hata wao lazima wapate kipimo cha mafuta cha kuaminika. Zile mizani zinazopitisha umeme mdogo mwilini husoma zaidi maji uliyonayo. Ya jirani ilinipa asilimia 38 asubuhi na 35 jioni, siku moja, mwanamke mmoja.

Kizidishi ndicho chenye mtego

Hesabu ya mwili uliolala haijakutoa kitandani. Bado kuna kupika, kufua, kupanda ngazi, kuukimbilia mteremko wa feri Likoni. Kwa hayo unazidisha. Vizidishi vilivyozoeleka ni 1.2 kwa asiyefanya mazoezi, 1.375 kwa mazoezi mepesi siku moja hadi tatu kwa wiki, 1.55 kwa siku tatu hadi tano, 1.725 kwa siku sita au saba, na 1.9 kwa kazi nzito ya mwili. Kwangu vitatu vya kwanza ni 1,802, 2,065 na 2,327. Ndiyo siri ya vile vikokotoo viwili vilivyonichanganya: fomula ilikuwa moja, nilichojibu kwenye swali la mazoezi ndicho kilichotofautiana. Hatua moja ya kizidishi ni kalori 263, mara tatu ya tofauti ya fomula zote nne.

Tena maneno yake yameandikiwa mtu akaaye kutwa kisha akaenda kufanya mazoezi. Mchukue kijana asukumaye mkokoteni wa madumu ya maji, miaka 30, kilo 68, sentimita 172. Muulize hufanya mazoezi mara ngapi kwa wiki, atakwambia hafanyi. Kikokotoo kitampa 1.2, yaani 1,610 mara 1.2, kalori 1,932. Kwa 1.9 anayostahili ni 3,059. Akiifuata ile ya kwanza, hata mlima mdogo hatauweza. Na karani aendaye jimu mara tatu, muda wote uliobaki yuko juu ya kiti au ndani ya tuktuk, hujiandikia 1.55 bila haya. Mimi nilikuwa huko. Natembea ufukweni Mama Ngina jioni mara mbili kwa wiki, na matembezi hayo huishia kwa muuza muhogo wa kukaanga, pilipili na ndimu juu. Nikajirudisha 1.375.

Ukisita kati ya viwili na nia yako ni kupungua, shika cha chini. Ukitaka kuongeza uzito, shika cha juu.

Kuna jambo moja limenifanya nivitazame vizidishi hivi kwa jicho la pembeni. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe, wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi kule Tanzania. Waliwanywesha maji yenye alama maalumu, kisha wakapima mkojo kujua miili yao inatumia nguvu kiasi gani. Watu wanaotembea kilomita nyingi kila siku wakitafuta asali na mizizi walionekana kutumia kalori sawa na Wamarekani na Wazungu wa maofisini, ukishalinganisha ukubwa wa miili. Mwili una njia zake za kubana matumizi mahali pengine. Hivyo hata ile 1.9 ya kijana wa mkokoteni naihesabu kuwa pa kuanzia tu, mizani imsahihishe.

Uzito mara 25 au mara 30

Hii hutumika sana hospitalini kwa sababu ni ya haraka. Kwangu ni 2,100 hadi 2,520. Inamfaa mtu wa kazi ya kukaa ambaye uzito wake hauko mbali na wa kawaida. Mnene sana inamzidishia, maana inahesabu mafuta kama misuli, na kijana wetu wa mkokoteni inampa 2,040 kwa 30, njaa tupu. Faida yake kubwa kwangu ni kukamata takwimu za uongo. Gawanya 1,200 ya jimu kwa kilo zangu 84: ni kalori 14 kwa kilo. Kwa kawaida mwanamke hashauriwi kushuka chini ya 1,200, wala mwanamume chini ya 1,500, bila kusimamiwa na mtu wa afya, na mimi nilipewa mpaka huo kama zawadi ya kukaribishwa.

Saa ya mkononi

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu saa na bangili saba. Mapigo ya moyo nyingi zilisoma vizuri. Kwa kalori, ile bora kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Chukua mahitaji yangu ya 2,065, asilimia 27 yake ni kalori 558. Na hiyo ndiyo bora.

Kwetu kuna kisa cha zaidi. Kaskazi inapolegea mwezi wa tatu, hewa imesimama na fukuto limeshika, moyo huenda mbio ili kupoza mwili hata ukiwa umekaa barazani. Saa inayokisia kalori kwa kuhesabu mapigo itadhani uko mazoezini. Dada yangu aliambiwa amechoma 400 kwa kutembea, akajilipa kwa sahani ya kaimati. Saa ni nzuri ya kujilinganisha na wewe mwenyewe: leo hatua elfu nne, jana elfu saba. Kalori zake usizile.

Programu za simu

Hizi hufanya mambo mawili. Zinakupigia fomula, kwa kawaida Mifflin au Harris na Benedict, kisha zinakuwekea kumbukumbu ya unachokula. La kwanza ni lile tulilokwisha kuliona. Shida iko kwenye la pili. Nilitafuta pilau nikaletewa ya watu wengine, nyepesi, haina nyama wala mbatata. Mbaazi za nazi zilikuja kama dengu za kopo. Samaki wa kupaka alikuwa samaki wa kuchoma mkavu, na lile tui zito linalomfanya awe wa kupaka halimo. Tui zito lina kama kalori 230 kwa gramu 100. Upawa mmoja wa tui usioandikwa unazidi tofauti yote ya fomula nne mara mbili na nusu.

Dawa ni kuingiza mapishi yako mwenyewe. Serikali ya Kenya na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walitoa majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Kenya mwaka 2018, pamoja na kitabu cha mapishi, na vyote vinapatikana bila malipo. Au piga hesabu mwenyewe. Mahamri yangu: unga wa ngano kilo moja ni kama kalori 3,640, sukari robo kilo 970, kikombe cha tui zito 550. Hamira na iliki sikuzihesabu. Mafuta niliyapima kabla ya kukaanga na baada, gramu 150 zilikuwa zimekwenda, na kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina kalori 9, hizo ni 1,350. Jumla 6,510, nikatoa mahamri 40. Moja ni 163. Sehemu ya tano ya hamri ni mafuta iliyoyanywa kwenye karai. Jambo hilo sikulijua kwa miaka yote niliyoyakaanga.

Daftari na mizani

Njia hii haina fomula. Unakula kama kawaida yako, unaandika kila kitu, unajipima kila asubuhi ukishatoka chooni na kabla ya chai. Baada ya wiki kadhaa unatazama: uzito umesimama? Basi wastani wa ulichoandika ndio mahitaji yako. Umepanda au umeshuka? Kilo moja ya mafuta ya mwili inakadiriwa kuwa kalori 7,700. Zidisha kilo zilizobadilika kwa 7,700, gawanya kwa siku, kisha ongeza kwenye wastani wako kama ulipungua, toa kama ulinenepa.

Usishike uzito wa siku moja. Ukila biriani ya harusi usiku, asubuhi mizani itapanda kilo nzima, na hiyo ni chumvi na maji. Chukua wastani wa wiki ya kwanza na wa wiki ya mwisho. Mwanamke afanye wiki nne, kwa sababu siku zake nazo huvuta maji, na ukilinganisha wiki mbili zisizolingana katika mwezi utajidanganya.

Mimi nilifanya siku 28. Uzito ulikaa 84 na ushei mwanzo hadi mwisho. Wastani wa daftari: 1,690.

Nikashtuka. Mifflin kwa 1.375 ilisema 2,065. Ama mwili wangu unabana kalori 375 kwa siku, ama kalamu yangu inaficha. Ingelikuwa ofisini ningelijua la kufanya: pesa zikipotea, kagua stakabadhi ndogondogo kwanza. Nikamwomba binti yangu anifuate jikoni Jumamosi moja, aandike kila kinachoingia kinywani. Kuonja mchuzi mara sita. Ukoko wa wali. Kachiri kidogo. Nusu ya sambusa aliyoiacha mdogo wake. Vijiko vitatu vya sukari kwenye chai, mimi huandika kimoja. Na tui, ambalo nilipomuuliza mama mkwe hutia kiasi gani alinijibu, “Tui halipimwi mwanangu, laonjwa.”

Siko peke yangu. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa watu walioapa kwamba wanakula kidogo na bado hawapungui. Walipopimwa ikaonekana waliandika pungufu kwa asilimia 47 ya walichokula, na mazoezi waliyaongeza kwa asilimia 51. Miili yao haikuwa na kasoro.

Sasa sikiliza kwa nini, hata kalamu ikiwa na uongo, naipa njia hii nafasi ya kwanza. Ningelishika fomula, ningelitoa 500 kwenye 2,065 na kujipangia 1,565. Kwa kalamu yangu ileile, 1,565 ya maandishi ni kama 1,940 mdomoni. Ningelipungua nusu kilo kwa mwezi, maji yangeifunika, nami ningelisema nimerogwa. Kwa daftari, nikianzia 1,690 na kutoa 300, najipangia 1,390 ya maandishi, huku kinywani ikiingia zaidi ya hiyo. Kosa langu liko mwanzoni na liko mwishoni, linajifuta. Daftari halihitaji kusema kweli, mradi liongope kwa kiwango kilekile kila siku. Ndiyo maana pia ukianza na mizani ya jikoni, usiiache katikati. Ukipima wali kwa gramu wiki ya kwanza na kwa macho wiki ya tano, hesabu imevunjika.

Gharama yake ni uchovu. Wiki nne za kuandika si mchezo, na mtu aliyewahi kuwa na ugonjwa wa kuogopa chakula asiiguse kabisa, wala asiguse hesabu yoyote katika hizi.

Na anayekula sinia?

Nyumba nyingi za Mji wa Kale na Majengo watu wanne au watano hukaa kwenye sinia moja. Hapo daftari linakufa. Huwezi kujua umekula robo au theluthi, na kumwambia bibi yako angojee upime wali wako kwanza ni utovu wa adabu. Kwa hawa mkono ndio kipimo: samaki au nyama kiasi cha kiganja, wali kiasi cha ngumi, mafuta yasizidi kidole gumba, kachumbari na mchicha viganja viwili. Hutapata takwimu. Lakini mizani bado itasema, na ukiona wiki nne hazikushuka, punguza ngumi ya wali iwe nusu. Sinia lina hila yake: anayewahi kumaliza upande wake husukumiwa nyama na wenzake. Kaa karibu na kachumbari.

Ukiniuliza ushike ipi, nitakuuliza kwanza nani anakupikia. Anayejipikia au anayekula mahali pamoja kila siku, daftari. Wa sinia, mkono. Asiye na subira ya wiki nne, Mifflin kwa kizidishi cha chini, kisha arekebishe kwa 150 au 200 baada ya mwezi. Wa kazi ya sulubu, Mifflin kwa 1.725 au 1.9, na aangalie asipungue. Saa ivae kwa hatua. Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye kisukari anayetumia dawa au sindano, hesabu yao waende wakaifanye na mtaalamu wa lishe hospitalini, kwa sababu sukari ikishuka ghafla hakuna fomula itakayokuokota sakafuni.

Mimi miezi mitano ya 1,390 ya maandishi imenitoa kilo nne. Kwa kila kilo iliyotoka Mifflin inapunguza kalori 10, na kwa 1.375 ni 14, hivyo kilo nne ni 55 tu. Sikubadilisha kitu kwa hilo, isipokuwa kijiko cha tatu cha sukari.

Wakati wa kuanza, usianze Ramadhani. Mlo wa mchana unahamia usiku, futari ina viazi vya nazi, mkate wa mayai na tende, daku inamfuata mtu usingizini, na uzito wa asubuhi unategemea ulikunywa maji kiasi gani. Wastani wa mwezi ule hautakufaa kwa miezi kumi na mmoja iliyobaki. Wala usianze wiki ya Idi. Daftari langu ukurasa wa kwanza umeandikwa tarehe nane ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, saumu za sita zikishakwisha: mahamri mawili, mbaazi bakuli moja, chai, sukari kijiko kimoja.